Kutoka Fleet Street hadi Kilindini

Mwanzoni mwa Januari 1942, London ikiwa bado na makovu ya mabomu ya Wajerumani, watu wapatao 30 waliingia katika jengo la gazeti la Daily Telegraph, mtaa wa Fleet Street, wakaketishwa kama watahiniwa. Walikuwa raia wa kawaida waliozoea kulifumbua fumbo la maneno la gazeti hilo kila siku. Safari hii walipewa fumbo ambalo lilikuwa bado halijachapishwa, wakaambiwa wana dakika 12.

Chanzo kilikuwa ubishi. Wasomaji walikuwa wakimwandikia mhariri, Arthur Watson, wakilalamika kwamba mafumbo ya gazeti yamekuwa mepesi mno. Baadhi walidai kwamba wanayamaliza kwa dakika chache tu, na wenzao wakawajibu kwamba huo ni uongo mtupu. Ndipo alipojitokeza Bwana W. A. J. Gavin, mwenyekiti wa klabu moja ya London iliyoitwa Eccentric Club, akaweka pauni 100: akipatikana mtu wa kulimaliza fumbo mbele ya mashahidi ndani ya dakika 12, fedha hizo ziende kwenye mfuko wa mabaharia wanaotegua mabomu ya baharini. Mhariri akakubali na kuwaalika wanaojiamini.

Wa kwanza kumaliza alikuwa Vere Chance wa Orpington, kwa dakika 6 na sekunde 3 na nusu. Karatasi yake ilipokaguliwa, neno moja lilikutwa limekosewa tahajia. Akaondolewa. Ushindi ukaenda kwa F. H. W. Hawes wa Dagenham, aliyetumia dakika 7 na sekunde 57 na nusu bila kosa lolote. Wengine kadhaa nao walimaliza kabla ya muda kwisha, kwa hiyo ubishi ukakatwa. Jumanne ya Januari 13 fumbo lenyewe, namba 5,062, likachapishwa ili kila msomaji ajipime nyumbani kwake.

Nimeifuata njia inayoanzia katika chumba kile kwa kupitia vitabu, kumbukumbu za watu wa vita na ramani za zamani. Nilikuwa na sababu mbili. Kwanza, kisa hiki husimuliwa kwa kutiwa chumvi nyingi, kana kwamba Hitler alishindwa na ukurasa wa burudani wa gazeti. Pili, tawi moja la njia hii linaishia kwetu, katika shule moja ya Mombasa, na wanaolijua ni wachache. Kila kituo nilichopita nilikuta somo lilelile lililomkosesha Vere Chance ushindi: katika kazi ya kufumbua, herufi moja inaweza kuamua kila kitu.

Mchezo ulivyopata ndimi mbili

Fumbo la maneno la miraba halikuzaliwa Uingereza. Alilibuni Arthur Wynne, mzaliwa wa Liverpool aliyehamia Marekani, na lilitoka mara ya kwanza Desemba 21, 1913 katika gazeti la New York World, likiwa na umbo la almasi. Mwaka 1924 wachapishaji chipukizi Simon na Schuster walitoa kitabu cha kwanza cha mafumbo hayo, na Marekani nzima ikashikwa na wazimu wa miraba. Gazeti la The Times la London liliwasikitikia Wamarekani kwa kupoteza muda wao. Lakini Novemba mwaka huohuo Sunday Express lilikwisha kuwapa Waingereza fumbo lao la kwanza, Julai 1925 Daily Telegraph likafuata, na Februari 1, 1930 The Times lenyewe likasalimu amri. Mtunzi wake wa kwanza, Adrian Bell, alikuwa mkulima na mwandishi wa Suffolk. Inasemekana kwamba hakuwa amewahi kufumbua fumbo lolote siku alipopewa kazi hiyo.

Mchezo ulipovuka bahari ulibadilika tabia. Katika fumbo la Kimarekani kidokezo kiliuliza maana ya neno, basi. Anayejua anajaza, asiyejua anafungua kamusi. Waingereza wakakipa kidokezo ndimi mbili. Ulimi mmoja husema jambo linaloonekana, mwingine hunong'ona jinsi ya kulipata jibu.

Nimetunga mifano kwa Kiswahili ili msomaji auone ufundi wenyewe. Chukua kidokezo hiki: "Makasi yaliyovurugika ni kitoweo (6)". Ukikisoma juu juu ni upuuzi, maana nani atakula makasi? Lakini "yaliyovurugika" ni amri iliyofichwa: zivuruge herufi za MAKASI, uzipange upya. Zinatoa SAMAKI, neno la herufi 6, na samaki ni kitoweo.

Au hiki: "Ngozi hii si mbaya, mnyama mkali kajificha ndani (5)". Macho hukimbilia kwenye ngozi na kuwaza chui. Anayeyashuku maneno atazisoma herufi zilivyopangana katika "si mbaya", na humo atamkuta SIMBA, mzima, bila hata herufi moja kuhamishwa. Au kifupi zaidi: "Mwenye magando, keti (3)". Jibu ni KAA, mara mbili: kaa wa baharini, na kaa kitako.

Mtu aliyeufikisha ufundi huu kileleni alikuwa Edward Powys Mathers, mshairi na mfasiri aliyetunga mafumbo ya gazeti la Observer kuanzia 1926 hadi kifo chake 1939 kwa jina la Torquemada, mkuu wa mahakama za kidini za Hispania zilizotesa watu. Waliomfuata walichagua majina ya ukoo huohuo wa kutisha. Derrick Macnutt, mwalimu wa Kigiriki na Kilatini katika shule ya Christ's Hospital, alijiita Ximenes. Alistair Ritchie, naye mwalimu, alijiita Afrit, yaani yule jini Ifriti tunayemjua katika hadithi za Kiarabu.

Pamoja na majina hayo, kanuni waliyoiacha Afrit na Ximenes ni ya uungwana mtupu. Mtunzi ana ruhusa ya kukupoteza njia, lakini hana ruhusa ya kukudanganya. Kila neno la kidokezo lazima liwe na kazi. Sarufi lazima iwe sahihi. Jibu likipatikana, mfumbuzi aone kwamba lilikuwa mbele ya macho yake tangu mwanzo na kwamba hakuibiwa. Ximenes aliieleza kanuni hii kwa kirefu katika kitabu alichokitoa 1966, na hadi leo watunzi wengi wanapimwa kwayo.

Ximenes alifanya jambo jingine kubwa: aliwashindanisha wasomaji katika kutunga. Aliwapa neno, nao wakamletea vidokezo vyao, akatangaza bora. Miongoni mwa waliokuwa wakishinda ni Jeremy Morse, aliyekuja kuwa mwenyekiti wa benki ya Lloyds, na mwanamke aliyetumia jina la Bibi B. Lewis. Mshindani wao mmoja, Colin Dexter, alipoanza kuchapisha riwaya za upelelezi mwaka 1975, aliwapa mpelelezi wake na msaidizi wake majina hayo mawili: Morse na Lewis. Ndivyo mchezo huu ulivyo. Watu hushindana kwa miaka bila kuonana uso kwa uso, na heshima baina yao hukua kupitia karatasi.

Barua kutoka Wizara ya Vita

Turudi Fleet Street. Miongoni mwa watahiniwa wa Januari 1942 alikuwemo karani wa kampuni ya wahasibu, Stanley Sedgewick. Kengele ilipolia alikuwa amebakiza neno moja. Aliondoka bila ushindi, na yeye mwenyewe alidhani mambo yameishia hapo. Wiki kadhaa baadaye akapokea barua ya siri kutoka kwa kanali mmoja wa makao makuu ya jeshi, ikimwomba afike kuonana naye kuhusu jambo lenye uzito kwa taifa. Alikwenda Devonshire House, mtaa wa Piccadilly, akapimwa, akapelekwa mafunzoni, na hatimaye akajikuta Bletchley Park, kituo cha siri cha kuvunja misimbo kilomita zipatazo 80 kaskazini magharibi mwa London, akifanya kazi kwenye misimbo ya Wajerumani ya taarifa za hali ya hewa. Kwa marubani wa Uingereza waliokuwa wakiruka usiku kwenda Ujerumani, kujua hali ya mawingu na upepo kulikuwa suala la kufa na kupona.

Wakati ule Bletchley ilikuwa na njaa ya watu. Oktoba 21, 1941 wataalamu wake wanne, Alan Turing, Gordon Welchman, Hugh Alexander na Stuart Milner-Barry, waliwaruka wakubwa wao wa kazi wakamwandikia Waziri Mkuu Churchill moja kwa moja kwamba kazi inakwama kwa uhaba wa wafanyakazi. Milner-Barry aliipeleka barua hiyo kwa mkono hadi Downing Street, na Churchill akaamuru wapewe kila wanachohitaji haraka iwezekanavyo. Alexander na Milner-Barry walikuwa mabingwa wa sataranji; vita ilipolipuka 1939 walikuwa Buenos Aires wakiichezea timu ya Uingereza. Mkuu wa wizara aliyewahi kuona kazi ya wacheza sataranji vitani hangeshindwa kuona thamani ya watu wanaofumbua fumbo gumu ndani ya dakika 12.

Hapa lazima tuseme ukweli. Waliopelekwa Bletchley kutokana na shindano lile walikuwa wachache mno kati ya maelfu waliofanya kazi pale. Msimbo wa Enigma, mashine ya Wajerumani ya kuficha jumbe, ulishambuliwa kwanza na wanahisabati wa Poland kabla ya vita, kisha na akina Turing na Welchman kwa hisabati na mitambo mikubwa ya umeme. Hakuna aliyeivunja Enigma kwa kukaa na gazeti na kikombe cha chai. Hata hivyo, kuna tabia ya akili ambayo hisabati peke yake haiitoi, na fumbo huinoa: kutoyaamini maandishi kwa sura yake, na kuona kilichopo pamoja na kisichokuwepo.

Mfano bora ni Mavis Lever, msichana wa miaka 19 aliyekuwa akifanya kazi na mzee Dillwyn Knox kwenye Enigma ya jeshi la majini la Italia. Siku moja alishika ujumbe mrefu akahisi una kasoro. Akaupitia na kugundua kwamba haukuwa na L hata moja. Mashine ya Enigma ilikuwa na sifa moja ya pekee: herufi haiwezi kamwe kugeuka kuwa yenyewe. Ukibonyeza L, itatoka herufi yoyote isipokuwa L. Binti huyo akapata jibu papo hapo. Opereta wa Kiitalia aliambiwa atume ujumbe wa bandia wa kuwapoteza maadui, akaona uvivu wa kuandika, akabonyeza L mwanzo hadi mwisho. Kwa uvivu huo aliwapa Waingereza nafasi ya kujua jinsi gurudumu la mashine yake lilivyounganishwa ndani.

Machi 1941 timu hiyo ilisoma ujumbe ulioonyesha kwamba meli za Italia zingechukua hatua baada ya siku tatu. Admirali Cunningham akazivizia karibu na rasi ya Matapan, kusini mwa Ugiriki, na Italia ikapoteza meli kubwa za vita 3, ndogo 2, na mabaharia zaidi ya 2,000. Kosa la herufi moja lilimnyima Vere Chance ushindi. Kukosekana kwa herufi moja kulimfungulia Mavis Lever mlango wa siri za jeshi zima.

Mwalimu mkuu chini ya shaka

Macho yaliyozoezwa kuona siri kila mahali yana hatari yake pia. Mwezi Mei 1944, majeshi ya Washirika yakijiandaa kuvuka kwenda Normandy, maafisa wa usalama wa Uingereza waliliona fumbo la Daily Telegraph wakashtuka. Mei 2 jibu moja lilikuwa Utah, jina la siri la ufuko mmoja wa uvamizi. Mei 22 likaja Omaha, ufuko mwingine. Mei 27 likaja Overlord, jina la operesheni nzima. Mei 30 likaja Mulberry, jina la bandari bandia zilizokuwa zikiundwa kwa siri kubwa. Juni 1 likaja Neptune, jina la sehemu ya majini ya uvamizi huo. Siku tano zilizobaki kabla ya uvamizi wa Juni 6 zilitosha kuwanyima watu usingizi.

Mtunzi alikuwa Leonard Dawe, mwalimu mkuu wa Strand School, shule ya London iliyokuwa imehamishiwa Effingham, Surrey, kukwepa mabomu. Ndiye aliyetunga hata fumbo la kwanza kabisa la gazeti hilo mwaka 1925. Maafisa wa MI5, idara ya usalama wa ndani, walimhoji kwa ukali, na mwishoni wakakubali kwamba hakuwa jasusi. Maelezo yaliyoaminika zaidi yalitolewa miaka 40 baadaye na mmoja wa waliokuwa wanafunzi wake. Dawe alikuwa na desturi ya kuwapa wavulana miraba mitupu waijaze maneno, kisha yeye akatunga vidokezo. Wavulana hao walikuwa wakizurura karibu na kambi za askari, wakisikia majina hayo yakitajwatajwa bila kujua maana yake, wakayaingiza kwenye miraba.

Kwa mfumbuzi, kisa cha Dawe kina onyo. Herufi zilikuwa zimelingana kikamilifu, lakini nyuma yake hapakuwa na ujumbe wowote. Fumbo la kweli huwa na aliyelifumba. Ndiyo maana katika mashindano haitoshi jibu kuingia katika miraba. Lazima kila neno la kidokezo lilithibitishe.

Kilindini, 1942

Sasa njia inageuka kuelekea bahari yetu. Aprili 5, 1942, Jumapili ya Pasaka, ndege za manowari za Admirali Nagumo wa Japani ziliishambulia Colombo. Siku nne baadaye zikashambulia Trincomalee. Ndani ya siku hizo Uingereza ilipoteza meli za vita Cornwall na Dorsetshire, na meli ya kubebea ndege Hermes. Admirali James Somerville, aliyeongoza meli za Uingereza katika Bahari ya Hindi, alizirudisha nyuma hadi bandari ya Kilindini, Mombasa.

Nyuma yake wakafuata watu wasiobeba bunduki. Kituo cha Uingereza cha kusikiliza na kuvunja misimbo ya Japani kilianzishwa Hong Kong mwaka 1935, kikahamia Singapore 1939, kikakimbilia Colombo Januari 1942, mwezi mmoja tu kabla Singapore haijaanguka. Sasa kilikimbia tena. Mombasa kilipewa makao katika shule ya Allidina Visram, iliyobeba jina la mfanyabiashara kutoka Kutch, India, ambaye maduka yake yaliifuata reli kutoka pwani hadi Uganda kabla ya kifo chake mwaka 1916. Katika madarasa yaliyojengwa ili watoto wajifunze kusoma, wakaketi watu wakijaribu kuyasoma maandishi yaliyoandikwa yasisomeke.

Hali ilikuwa ngumu. Mombasa iko mbali mno na Japani, kwa hiyo mawimbi ya redio yalifika hafifu, na jumbe zilizonaswa zilikuwa chache kuliko zile za Colombo. Mawasiliano na Bletchley, Washington na Melbourne yalichelewa. Na vita haikuwa mbali. Mei 30, 1942 nyambizi ndogo ya Japani iliingia bandari ya Diego Suarez, kaskazini mwa Madagaska, ikaijeruhi manowari ya Ramillies. Wiki zilizofuata nyambizi za Japani zilizamisha meli nyingi za mizigo katika mlango wa bahari wa Msumbiji.

Hapo Kilindini, wavunja-misimbo wawili, John MacInnes na Brian Townend, walikuwa wakipambana na msimbo ulioitwa JN-40, uliotumiwa na meli za mizigo za Japani. Kwa muda mrefu ulidhaniwa kuwa wa aina nyingine kabisa, ule wa kuchukua namba za kitabu cha siri na kuzijumlisha na namba nyingine. Septemba 1942 kosa la Wajapani katika kutuma liliwaonyesha MacInnes na Townend kwamba dhana hiyo ilikuwa potofu. Kila alama ya maandishi ilikuwa ikigeuzwa kuwa jozi ya tarakimu, kisha tarakimu hizo zikapangwa katika safu na kuvurugwa kwa mpangilio maalumu. Kwa lugha ya mchezo wetu, Wajapani walikuwa wakitengeneza makasi kutokana na samaki, na kazi ya Kilindini ilikuwa kuwarudisha samaki.

Kufikia Novemba 1942 waliweza kuzisoma jumbe zote za nyuma zilizotumia msimbo huo, na kila mpya ilipofika waliifungua. Meli za mizigo ndizo zilizobeba mafuta, chakula, risasi na askari wa dola la Japani lililotawanyika katika visiwa vya Pasifiki. Kujua meli ipi inatoka wapi na itapita wapi kulizipa nyambizi za Washirika shabaha. Mwaka 1943 hatari ya Japani ilipopungua upande wa magharibi wa bahari, kituo kilirudi Colombo, na shule ikabaki kuwa shule.

Siwezi kulipita jambo hili haraka, kwa sababu Mombasa ilikuwa nyumba ya mafumbo muda mrefu kabla ya meli za Somerville. Ndio mji wa Muyaka bin Haji, aliyezaliwa mwaka 1776 na kufariki 1840, mshairi aliyejibizana na wapinzani wa Mombasa kwa beti zilizobeba siasa ndani ya mafumbo, enzi za ugomvi wa Mazrui, watawala wa Mombasa, na Sayyid Said wa Oman. Mshairi akifumba, mji mzima ulikaa kuulizana alimaanisha nani, na jibu lilitakiwa lije kwa bahari ileile ya vina na mizani. Hayo yalikuwa mashindano, na hadhira ilijua nani kashinda. Wageni wa mwaka 1942 waliileta kazi yao mahali ambapo heshima ya mfumbuzi ilikuwa imekwisha kukita mizizi.

Ubingwa wakati wa amani

Waliofanya kazi Bletchley na Kilindini waliapishwa kunyamaza, na wengi walinyamaza hadi katikati ya miaka ya 1970 siri ilipoanza kuandikwa vitabuni. Wakati huohuo wafumbuzi wa Uingereza walikuwa wamekwisha kupata uwanja wao wa wazi. Mwaka 1970 The Times lilianzisha mashindano ya taifa kwa udhamini wa kampuni ya wiski ya Cutty Sark. Bingwa wa kwanza alikuwa mwanadiplomasia Roy Dean. Desemba mwaka huohuo alilifumbua fumbo la The Times katika studio ya redio ya BBC kwa dakika 3 na sekunde 45, muda ulioingia katika kitabu cha rekodi za dunia cha Guinness.

Jina kubwa zaidi la enzi hiyo ni Dkt. John Sykes. Alianza kama mtaalamu wa fizikia katika kituo cha utafiti wa atomiki cha Harwell, akatafsiri vitabu vizito vya kisayansi kutoka Kirusi, kisha mwaka 1971 akaingia Oxford University Press na kuhariri toleo la 6 la Concise Oxford Dictionary. Alishinda ubingwa wa The Times mara 10. Rekodi yake ilisimama kwa miaka mingi hadi ilipopitwa na Mark Goodliffe. Mashindano yalisimama kwa muda mwanzoni mwa karne hii, yakafufuliwa mwaka 2006 katika tamasha la fasihi la Cheltenham, mji uleule yalipo makao makuu ya GCHQ, idara iliyoirithi Bletchley.

Utaratibu wa mashindano hayo bado unafuata sheria ya Fleet Street. Washindani hupewa mafumbo matatu ya kufumbuliwa ndani ya saa moja. Usahihi hupimwa kwanza, kisha kasi. Aliyemaliza mapema akiwa na herufi moja mbaya huwekwa nyuma ya aliyechelewa akiwa safi. Wafumbuzi hodari hawakimbii ovyo. Hupitia vidokezo mara ya kwanza wakichukua vilivyo wazi, huacha herufi zilizopatikana ziwasaidie kwa zilizobaki, na kabla ya kuinua mkono huipitia karatasi yote tena.

Wahenga walisema fumbo mfumbie mjinga, mwerevu ataling'amua. Historia hii inaongeza sharti kwa mwerevu mwenyewe: kasi bila uangalifu ilimwondoa Vere Chance, shaka bila ushahidi ilimtesa Leonard Dawe, na uangalifu wenye subira uliwapa ushindi Mavis Lever, MacInnes na Townend.

Ninyi wahariri wa magazeti ya Kiswahili, mnayo lugha inayofaa kwa mchezo huu kuliko nyingi. Maneno yetu yamejaa maana pacha, herufi zake husomeka kama zinavyoandikwa, na wasomaji wamekua na vitendawili tangu utotoni. Chapisheni mafumbo yenye ndimi mbili, yatungwe kwa kanuni ya uungwana aliyoitetea Ximenes, na muwashindanishe wasomaji katika kufumbua na katika kutunga. Nanyi walimu wa historia wa Mombasa, wafundisheni wanafunzi wenu kwamba mwaka 1942, ndani ya shule ya Allidina Visram, watu walivunja msimbo wa meli za Japani kwa kalamu na karatasi. Historia hiyo ni ya mji wenu, na haistahili kusomwa Uingereza peke yake.